Ada ndogo, sawa. Lifti nani atailipia?

Wiki hii amenipigia mwingine anayetaka kununua fleti. Amepata fleti ghorofa ya sita, vyumba vitatu, upepo mwanana, na kilichomvuta kuliko vyote ni ada ya mwezi ya kutunza jengo, karibu nusu ya ile ya jengo la jirani. Nikamuuliza akiba ya jengo, yaani fedha zinazowekwa kwa matengenezo makubwa ya baadaye, ikoje. Kimya. Halafu: "Akiba gani tena? Mimi nanunua fleti, sinunui jengo."

Nimesimamia majengo ya fleti miaka mingi, na kauli hiyo nimeisikia mara nyingi kuliko mlio wa pampu. Ndugu yangu, unanunua jengo. Kwa kawaida kilicho chako peke yako ni nafasi iliyo ndani ya kuta zako, pamoja na rangi, vigae na makabati. Paa ambalo hutalipanda maisha yako yote, mabomba ya majitaka yanayoshuka nyuma ya ukuta wako, nguzo, ngazi, lifti hata kama unakaa chini: hayo ni mali yenu wote kwa pamoja, na fungu lako limeandikwa kwenye hati. Lisome. Mara nyingi hufuata ukubwa wa fleti, kwa hiyo mwenye vyumba vitatu analipia paa zaidi ya mwenye kimoja.

Sasa tupige hesabu. Jengo lina fleti 20 na lifti moja. Lifti ikitunzwa vizuri hudumu miaka 20 hadi 25, kisha inataka kubadilishwa au kufumuliwa karibu yote. Tuseme 20. Kama gharama hiyo imo ndani ya ada, kila fleti inalipa kidogokidogo kwa miezi 240, na anayeichakaza ndiye anayeilipia. Kama haimo, ada inapendeza kweli. Mwaka wa 19 mwenye fleti anauza, anaondoka na miaka 19 ya kupanda na kushuka bure, wewe unakabidhiwa funguo. Mwaka unaofuata mnaitwa kikaoni: mchango maalumu, na ulipwe wote kwa mkupuo. Umelipia safari za mtu usiyemjua. Kisha zamu ya paa. Kisha pampu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakuishi kwenye fleti, la sivyo wangeongeza kwamba kabla ya kuuziba huo ufa lazima kwanza akidi itimie.

Na msidhani ni mambo ya majengo ya hovyo. Champlain Towers South, jengo la ghorofa 12 huko Surfside, Florida, lilikuwa ufukweni kabisa. Mwaka 2018 mhandisi aliandika kuwa zege chini ya eneo la bwawa la kuogelea limeharibika vibaya. Wamiliki wakabishana juu ya gharama, na mchango wa takriban dola milioni 15 ukaja kupitishwa Aprili 2021. Juni 24 mwaka huohuo sehemu kubwa ya jengo iliporomoka usiku, watu 98 wakafa. Sisemi ada ndogo ndiyo iliyoliangusha. Kuporomoka kwa jengo hakuna sababu moja. Nasema miaka ile sheria ya Florida iliwaruhusu wamiliki kupiga kura wasiweke akiba, na wengi wakaona ni unafuu. Mwaka 2022 sheria ikabadilishwa, ada zikapanda, na wamiliki wengi wakapiga kelele.

Mambo ya kelele, maegesho, jua la mchana na mtandao wa simu mnayajua, siyarudii.

Nendeni kwenye mihutasari ya vikao. Dalali atakuonyesha rangi mpya ya korido. Wewe omba mihutasari ya miaka mitatu na mahesabu yake. Inachosha kusoma, najua, nimeiandika mwenyewe. Tafuta neno linalojirudia. Ukiona "kuvuja kwa paa" kwenye kikao cha Machi, tena Septemba, tena Machi, na kila mara "kamati itafuatilia", hapo umeshasoma hali ya jengo kuliko ripoti yoyote. Tafuta pia idadi ya wasiolipa. Fleti 20, sita hazilipi: ada uliyotajiwa ni ya uongo, kwa sababu nyinyi 14 mnabeba 20. Na kama wanakwambia mihutasari haipo, au mwenyekiti amesafiri nayo, ondoka taratibu bila kugombana.

Hapa nikiri kitu. Hata mimi siwezi kukwambia akiba ya kutosha ni kiasi gani hasa. Mipango ya matengenezo inajaa makadirio yaliyovaa suti. Nimewahi kuandika kwamba bomba lina miaka kumi zaidi, likapasuka mwaka wa pili, siku ya sikukuu. Tena ada kubwa nayo si kinga: niliwahi kurithi jengo lenye ada ya kutisha na akaunti tupu, kila kitu kimekwenda kwenye zabuni za shemeji wa mtu. Kwa hiyo usiniulize ada ni ndogo au kubwa. Uliza inakwenda wapi, na ni sehemu gani inabaki benki mwezi ukiisha.

Yule wa ghorofa ya sita nimemtuma arudi siku ya mvua, apande mpaka juu kabisa, atazame dari ya korido ya mwisho, kisha apige soga na fundi wa jengo bila dalali pembeni. Na wakili wake asisaini chochote kabla ya kupata barua ya chama cha wamiliki kwamba fleti hiyo haidaiwi, kwa sababu kuna mahali deni la muuzaji linabaki na mlango, si na mtu.

Amejibu kwa ujumbe: "Kumbe dari ina ramani."