Je, wajua? Kwanini Msumbiji wamo OIC na sisi Tanzania hatumo

Ijumaa tumetoka kuswali, tumekaa barazani hapa Mikindani, muuza kahawa anagonga vikombe vyake, redioni wanataja mkutano wa viongozi wa nchi za Kiislamu, mzee mmoja akaweka kashata chini akauliza, "Nyie vijana, hivi mbona Msumbiji hapo ng'ambo tu ya Ruvuma wamo, sisi hatumo? Si Waislamu wao wachache?" Kimya. Ikabidi nikachimbe.

Inaitwa OIC, Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu, nchi 57, makao makuu Jeddah. Chanzo chake ni moto. Tarehe 21 Agosti 1969 Muaustralia mmoja, Denis Michael Rohan, aliuchoma msikiti wa Al-Aqsa kule Yerusalemu, ile mimbari ya enzi za Salahuddin ikateketea, na mwezi mmoja tu baadae viongozi wakawa wameshakaa Rabat, Morocco, kwa Mfalme Hassan II. Sasa utamu uko hapa, mkutano wenyewe wa kwanza lakini ugomvi wa nani aingie ulianzia palepale. India walialikwa, Waislamu wao si mamilioni bwana, Rais Yahya Khan wa Pakistan akagoma, India wakaachwa nje na mpaka leo hawamo.

Kwahiyo mzee, kichwa kwa kichwa hapahesabiwi. Mkataba wa 1972 ulisema "nchi ya Kiislamu" basi, asilimia hawakuweka, Uganda wakaingia 1974 enzi za Amin, Msumbiji 1994, na Waislamu wa Msumbiji hata robo ya nchi hawafiki. Mwaka 2008 ndo wakaandika kwamba anayetaka kuingia lazima Waislamu wawe wengi kwake, ila waliokwisha kuingia hakuna aliyewatoa. Halafu kuna Benki ya Maendeleo ya Kiislamu, nayo iko Jeddah, na kuwa mwanachama wake sharti kwanza uwe OIC. Mi naona wengi walioingia, benki hiyo ndo waliyoifuata.

Na sisi? Sisi tuliingia kwa mlango wa uani. Desemba 1992 Zanzibar ya Rais Salmin Amour ilijiunga peke yake, bara pakachafuka, maana mambo ya nje ni ya Muungano, sasa visiwa vimepata wapi ruhusa? Agosti 1993 Zanzibar ikajitoa, lakini moto ulishawaka, wale wabunge 55 walioitwa G55 wakataka na Tanganyika nayo ipate serikali yake. Tangu hapo ukitaja OIC kwa mwanasiasa wetu anaangalia saa.

Nilivyomsimulia mzee alisikiliza vizuri tu mpaka nilipomwambia Guyana na Suriname nao wamo. "Guyana ya wapi?" Amerika Kusini huko, babu. Akacheka mpaka kahawa ikammwagikia kwenye kanzu.