Kijana kauzwa bilioni moja, kwa nini katuma laki mbili?

Dirisha la usajili likifungwa, simu yangu haitulii. Anapiga baba, anapiga mjomba, anapiga kocha wa mtaani aliyemnunulia kijana viatu vya kwanza. Swali ni lile lile: “Wakili, redio imetangaza kijana wetu kauzwa bilioni moja. Mbona nyumbani katuma laki mbili?” Wapo walioshaamua kwamba kijana ni mchoyo, wapo wanaomtuhumu mke wake, na wapo wanaotaka niishitaki klabu iliyomuuza. Kazi yangu ni kusoma na kuandika mikataba ya wachezaji, na kwa jibu hili sauti imeshanikauka. Naliandika.

Pesa ya kuuzwa si ya mchezaji. Ni ya klabu.

Mchezaji ana mkataba na klabu yake, tuseme hadi Juni 2028. Klabu nyingine ikimtaka kabla ya siku hiyo, inailipa ya kwanza ili imwachie mapema. Fedha hiyo inatoka akaunti ya klabu na kuingia akaunti ya klabu. Uhamisho ukiwa wa kimataifa, klabu zote mbili zinaingiza taarifa zake kwenye mfumo wa FIFA wa TMS. Anachosaini mchezaji ni karatasi nyingine kabisa, mkataba wa ajira na klabu mpya, na chake chote kimo humo: mshahara, dau la kusaini, bonasi, nyumba, tiketi za ndege. Bei ya kuuzwa ikiwa bilioni na mkataba wa ajira ukiwa dhaifu, mchezaji amepata mkataba dhaifu.

Mshambuliaji wetu wa Tanzania, Mbwana Samatta, alipotoka Genk ya Ubelgiji kwenda Aston Villa Januari 2020, vijiwe vya Dar vilimgawia yeye mapauni yote yaliyotajwa. Yale yalikuwa ya Genk. Chake kilikuwa kwenye mkataba wa miaka minne na nusu aliosaini na Villa, na huo hakuna kijiwe kilichousoma.

Kinachowachanganya watu wetu ni kwamba hapa nyumbani mchezaji asiye na mkataba akisaini hupewa pesa ya usajili mkononi, mara nyingine kwa mafungu yasiyokwisha. Basi wakisikia “usajili wa bilioni” wanadhani ni pesa ile ile imenenepa. Sivyo. Ya kwanza hulipwa mchezaji kwa kukubali kusaini. Ya pili hulipwa klabu kwa kukubali kumpoteza.

Ipo pia asilimia 5 ya bei inayomegwa, na hiyo nayo haimgusi yeye. Ni fungu la mshikamano la FIFA, hugawiwa klabu zilizomlea tangu miaka 12 hadi 23. Kila mwaka kati ya 12 na 15 una robo asilimia ya bei, na kila mwaka kuanzia 16 una nusu asilimia. Kijana akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kwa euro milioni 2, klabu iliyokaa naye msimu mzima akiwa na miaka 17 ina haki ya euro 10,000. Kwa timu ya daraja la chini hiyo ni mipira, jezi na nauli za msimu. Tangu Novemba 2022 malipo haya yanapitia FIFA Clearing House, chombo cha FIFA cha kukusanya na kugawa fedha hizi, na mfumo unafuata kumbukumbu za usajili. Hapo ndipo timu nyingi zetu zinapoachwa nje: kijana kacheza miaka mitatu uwanja wa shule bila jina lake kuandikwa popote. Kocha, viatu ulivyomnunulia havidai chochote. Fomu ya usajili ndiyo inayodai.

Je, mchezaji hawezi kabisa kuonja bei yake? Anaweza. Hispania sheria ya mwaka 1985 inampa si chini ya asilimia 15 ya fedha ya uhamisho pale ambapo pande hazikukubaliana vingine, na Argentina makubaliano ya pamoja ya wachezaji na klabu nayo yanataja asilimia 15. Kwetu hakuna kinachompa moja kwa moja, ila hakuna kinachomzuia kuiandika. Huu ndio ushauri wangu, na wanaonifahamu wamechoka kuusikia: siku ya kusaini, kabla ya kupiga picha na jezi, weka kipengele kinachosema ukiuzwa kabla ya mkataba kwisha utapata asilimia fulani ya bei. Uombe siku hiyo hiyo, maana ndiyo siku pekee klabu inakutaka kuliko unavyoitaka. Ukija kuomba siku ya kuuzwa umechelewa, na mimi sina dawa.

Asilimia hiyo ni ya mchezaji mwenyewe tu. Kuna “mameneja” wanaotembea na karatasi zinazosema wanamiliki asilimia 30 ya kijana kwa kuwa walimlipia kambi na chakula. FIFA ilipiga marufuku umiliki wa mtu wa tatu tangu Mei 2015, na klabu au mchezaji anayeingia makubaliano hayo anaweza kuadhibiwa. Kama ulimsaidia kijana, Mungu akulipe. Ukitaka kulipwa kwa kanuni za FIFA, fanya mtihani wa uwakala upate leseni, kisha saini naye mkataba wa uwakilishi usiozidi miaka miwili.

Nitaongeza jambo ambalo wazazi hawapendi kulisikia: mara nyingi anayeshika pesa nyingi mkononi ni yule ambaye hakuuzwa. Desemba 15, 1995 mahakama ya Ulaya iliamua kesi ya Jean-Marc Bosman, Mbelgiji aliyezuiwa kwenda Dunkerque ya Ufaransa ingawa mkataba wake na RFC Liège ulikuwa umekwisha. Tangu hapo, mchezaji wa Ulaya aliyemaliza mkataba anaondoka bila klabu yake ya zamani kudai senti, na kanuni za FIFA zikafuata mkondo huo. Klabu mpya ikiwa haina wa kumlipa bei, inabaki na nafasi ya kuongeza dau la kusaini na mshahara. Mkataba ukibakiza miezi sita, mchezaji anaruhusiwa kuzungumza na kusaini kwingine. Kwa hiyo mjomba anayemsukuma kijana aongeze mkataba haraka “ili auzwe bei kubwa” anaifanyia kazi klabu, bila mshahara.

Kauli nyingine ninazozisikia kwenye simu hizo nitazipitia mbio.

“Mshahara wake ni milioni nne.” Milioni nne zipi? Mchezaji wa klabu ni mwajiriwa. Ikikatwa asilimia 10 ya NSSF, inabaki 3,600,000. Kwa viwango vya Tanzania Bara vilivyoanza Julai 2021, kodi ya PAYE hapo ni 908,000. Mkononi inafika 2,692,000, na wakala hajagusa bado. Mkataba usiposema kama kiasi ni kabla au baada ya makato, hesabu ya chini ndiyo ya kuiamini.

“Ukirudisha pesa yao uko huru.” Huu ugonjwa ulishika kasi Desemba 2022, kiungo wa Yanga, Feisal Salum, alipoiwekea klabu yake Sh milioni 112 akitaka kuondoka. Januari 2023 kamati ya TFF, shirikisho la soka la Tanzania, ikaamua bado ni mchezaji wa Yanga. Alicheza Azam baada ya klabu hizo mbili kukubaliana, katikati ya 2023. Mkataba wa mpira haurejeshwi kama bidhaa dukani. Kama haumo ndani yake kipengele chenye kiasi cha kuuvunjia, unavunjwa kwa makubaliano au kwa sababu ya haki, na ukiuvunja bila sababu kanuni za FIFA zina fidia, na ndani ya miaka mitatu ya mwanzo kwa aliyesaini kabla ya miaka 28 zina pia adhabu ya kufungiwa miezi minne.

“Akiumia, mkataba umekufa.” Hapana. Jeraha si sababu ya kumwacha mchezaji. Wala klabu haiwezi kusaini leo kisha ikasema mkataba unasubiri majibu ya vipimo. Vipimo hufanywa kabla ya kalamu.

“Binti akipata mimba ndiyo basi.” Tangu Januari 2021 FIFA inataka apewe likizo ya uzazi ya wiki 14 zisizopungua, kwa angalau theluthi mbili ya mshahara wa mkataba. Viongozi wa timu za wanawake wanaoniambia hawajawahi kusikia, sasa mmesikia.

“Kijana wa miaka 16 kasaini miaka mitano.” Kwa aliye chini ya 18, kanuni za FIFA zinatambua miaka mitatu tu.

“Asipolipwa mwezi mmoja aondoke.” Usiondoke! Wachezaji wenye haki zao wanageuka watoro kwa kufungasha mabegi tarehe tano. Kanuni inataka klabu iwe inadaiwa mishahara ya miezi miwili, kisha uiandikie barua ya kuidai na uipe siku 15 zisizopungua. Zikipita bila kulipwa, una sababu ya haki ya kuvunja mkataba, na mshahara uliobaki unaudai. Barua iwe na tarehe na uthibitisho kwamba imepokelewa. Sauti ya WhatsApp kwa katibu wa klabu naiheshimu, lakini siipeleki popote. Mzawa anayedai klabu ya hapa aanzie vyombo vya TFF. Mgeni anaweza kwenda FIFA, na huko madai hupokelewa ndani ya miaka miwili tangu tukio lililoyazaa. Ukija ofisini kwangu mwaka wa tatu, nitakukaribisha chai.