Masomo ya eneo: kuisoma Malawi ukiwa Mbeya

Masomo ya eneo ni taaluma ya chuo kikuu inayojengwa juu ya nchi au ukanda fulani badala ya fani moja. Anayeichagua Malawi husoma historia, siasa, lugha na mila zake kwa pamoja, maana mambo hayo hufungamana.

Sisi wa Mbeya hudhani Malawi tunaijua. Ukivuka mto Songwe pale mpakani Kasumulu unaingia wilaya ya Karonga, kwa Wangonde, ambao lugha yao inasikilizana na Kinyakyusa. Undugu huo ni mtaji mkubwa kwa mwanafunzi wa huku, ila hautoshi.

Chukua mgogoro wa Ziwa Nyasa, ambalo Malawi huliita Ziwa Malawi. Kwa kutegemea mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa 1890, Malawi husema mpaka unapita ufukweni mwa Tanzania; Tanzania husema unapita katikati ya maji. Msomaji wa sheria anaweza kuishia hapo. Wa masomo ya eneo atauliza kwa nini ugomvi uliwaka 1967 na 1968, na jibu litampeleka mbali na maji. Malawi ilipata uhuru Julai 1964. Septemba mwaka huohuo Kamuzu Banda, waziri mkuu wake, akafarakana na mawaziri wake, na baadhi yao, akiwemo Kanyama Chiume, wakakimbilia Tanzania. Mwaka 1967 Banda akaanzisha uhusiano wa kibalozi na serikali ya makaburu ya Afrika Kusini, wakati Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU), iliyosaidia wapigania uhuru. Serikali mbili zilizotazamana hivyo zingegombania ramani kwa utulivu gani?

Lugha nayo ina siasa yake. Mwaka 1968 Kichewa kilifanywa lugha ya taifa, na Kitumbuka, lugha kubwa ya kaskazini, kikaondolewa redioni. Kwa hiyo mtafiti anayejua Kichewa pekee atazungumza na watu wa Lilongwe vizuri, kisha akifika kaskazini atakuta wazee wanaoikumbuka habari hiyo kwa uchungu.

Ndiyo maana, kwa maoni yangu, lugha ianze kabla ya nadharia, na isiwe moja. Kisha ziende nyaraka: Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Malawi iko Zomba, kusini mwa nchi, na mafaili mengi ya ukoloni yameandikwa Kiingereza na maofisa waliotawala. Sauti ya Wangonde wenyewe inabaki kutafutwa Karonga, kwa Kingonde, na hapo kijana wa Kyela au Tukuyu ana nafasi ambayo mgeni wa Ulaya ataihangaikia kwa miaka.