Utitiri wa nyuki: hesabu kwanza, dawa baadaye

Wiki hii tena nimeulizwa dawa ya varroa. Aliyeniuliza ana mizinga sita huko Magu. Nami nikamuuliza: umehesabu wangapi? Kimya.

Varroa ni utitiri, kama wale wa kuku. Ana rangi nyekundu ya kahawia, ni bapa, na upana wake haufiki milimita 2. Hujibanza chini ya tumbo la nyuki na kuzaliana ndani ya vyumba vya majana (watoto wa nyuki) vilivyofunikwa, hasa vya dume, kwa kuwa hivyo hukaa vimefunikwa siku nyingi zaidi. Mwana akitoka na mbawa zilizokunjamana, mara nyingi ni virusi alivyoachiwa na mdudu huyu.

Kwenye mzinga wa gogo kupima ni taabu, maana sega halitoki bila kukatwa. Wa kisasa, wenye viunzi (fremu zinazoshika sega), unafungua na kuinua sega moja. Washa bomba la moshi (mavi makavu ya ng'ombe yanatosha kabisa), angalia malkia hayupo kwenye sega hilo, kisha kung'utia nusu kikombe cha nyuki kwenye kopo lenye mfuniko wa wavu. Hao ni kama 300. Weka vijiko viwili vya sukari laini ya kupambia keki, zungusha kopo dakika moja, liache mbili, halafu ligeuze na kutikisa juu ya sahani nyeupe. Nyunyiza maji kidogo: sukari inayeyuka, utitiri wanabaki kama mbegu za mchicha zenye miguu. Nyuki unawarudisha wazima, na wenzao wanawalamba.

Mara ya kwanza nilipima alfajiri, karibu na ziwa, umande bado upo. Sukari ikaganda, hakuanguka hata mmoja, nikaenda nyumbani nikijisifu. Wiki tatu baadaye nikakuta nyuki wanatambaa chini ya mzinga ule ule, mbawa kama karatasi iliyofinyangwa. Siku hizi napima saa kumi na moja jioni, hewa ikiwa kavu.

Ulaya na Marekani, watatu kwa nyuki mia huwashtua wafugaji wengi wakatia dawa. Nyuki wetu ni wakali kwa usafi kama walivyo kwa kuuma: hutupa majana mabovu nje, na kundi likihama, utitiri hukosa pa kuzalia. Kwa hiyo mimi nikikuta wengi nakata sega la dume lililofunikwa, nawapa kuku. Dawa za kemikali siweki. Nyingine huganda kwenye nta, na nta nauza.

Jana yule wa Magu amenitumia picha ya sahani: wanne kwa nyuki kama 300, yaani mmoja na kidogo kwa mia. Nikamwambia apime tena mwezi ujao. Akauliza, na hawa sisimizi wanaopanda kwenye waya za kuning'inizia mizinga? Grisi chafu, mzee, ipake kila waya.