Yanayosemwa mtaani na yanayotokea kizimbani

Simu ikishapigwa kwamba fulani kakamatwa, ukoo mzima hugeuka mawakili. Mjomba anahesabu saa, shemeji anatafuta "mtu wa kuongea naye", jirani anashauri akiri tu yaishe. Nyuma ya yote hayo kuna imani moja, kwamba siku ya kwanza mahakamani ndiyo siku ya hukumu. Kwa kawaida siyo. Siku hiyo huamua mambo mawili: mtu atalala wapi usiku huo, na jibu gani litaandikwa kwenye jalada lake. Ninayoyaeleza ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake ya mwenendo wa jinai.

"Zikipita saa 24 lazima aachiwe."

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inazitaja kweli saa 24, ila haisemi hivyo. Mtu akikamatwa bila hati ya kukamata kwa kosa lisilo na adhabu ya kifo, na ikaonekana haiwezekani kumfikisha mahakamani ndani ya muda huo, mkuu wa kituo anatakiwa alichunguze suala lake na kumwachia kwa dhamana, isipokuwa kosa likionekana zito. Akibaki ndani, apelekwe mahakamani mapema iwezekanavyo. Katika hilo "iwezekanavyo" ndimo watu wanamolala kuanzia Ijumaa mpaka Jumatatu.

Kuna muda mwingine ambao mtaani hautajwi kabisa, nao ni saa 4 za mahojiano. Zinahesabiwa tangu mtu alipowekwa chini ya ulinzi, na kuziongeza kuna utaratibu wake. Maelezo ya onyo, yaani yale mtuhumiwa anayoandikisha polisi baada ya kuelezwa haki zake, mengi yameondolewa kwenye ushahidi kwa sababu polisi walivuka muda huo, kwa hiyo saa aliyokamatwa mtu ni jambo la kuandikwa na ndugu siku ileile.

"Alichowaambia polisi hakina nguvu mpaka akirudie kwa hakimu."

Hii imewafunga wengi. Sheria ya Ushahidi inapokea ungamo lililotolewa kwa polisi wa cheo cha koplo kwenda juu, mradi lilikuwa la hiari. Mshtakiwa akidai alipigwa au alitishwa, mahakama huisimamisha kesi yenyewe kwanza na kulichunguza hilo, kesi ndani ya kesi. Lakini pingamizi lina wakati wake, yaani pale upande wa mashtaka unapoomba maelezo hayo yapokewe kama kielelezo. Aliyenyamaza hapo, akaja kulalamika kwenye utetezi, amechelewa. Haki ya kutojibu ipo, na ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki ipo. Zote anatakiwa aelezwe kabla hajahojiwa.

"Dhamana inahitaji hela."

Hakimu akitamka "wadhamini wawili, kila mmoja asaini bondi ya shilingi milioni 5", nyumbani watu wanaanza kutafuta mnunuzi wa mbuzi. Hakuna anayelipa milioni 5 siku hiyo. Mdhamini anaahidi kwa maandishi kwamba mshtakiwa akitoroka, yeye ndiye atakayedaiwa fedha hiyo. Kinachotakiwa mkononi ni karatasi: kitambulisho, barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa mtaa au wa kijiji, wakati mwingine barua ya mwajiri au hati ya nyumba. Ndiyo maana asubuhi ya siku ya kwanza ndugu wanapaswa kuwa kwenye ofisi ya mtendaji, wala si kwa huyo mtu wa kuongea naye. Masharti yanaweza kuwa mepesi kabisa na mtu bado akapakiwa kwenye karandinga kwenda gereza la Segerea, Dar es Salaam, kwa kukosa muhuri tu.

Mdhamini naye asisaini kwa kuona aibu ya undugu. Mshtakiwa akikimbia, mali ya mdhamini inaweza kukamatwa, na deni lisipolipika anaweza kufungwa yeye.

Tena "dhamana ni bure" haina maana kwamba ipo kwa kila kosa. Mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha na utakatishaji fedha ni miongoni mwa makosa yasiyo na dhamana. Mwaka 2020 Mahakama Kuu iliona kifungu kinachozuia dhamana hiyo kinakiuka Katiba, lakini mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo. Kwa familia yenye mtu wa kundi hili, kukimbizana na wadhamini ni kupoteza nauli. Afadhali nguvu ziende kwenye wakili.

"Hakujibu kitu, maana yake amekubali."

Magazeti huandika kila mara kutoka Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, Dar es Salaam, kwamba washtakiwa "hawakutakiwa kujibu chochote". Ni kwa sababu mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza kosa kama mauaji. Inawasomea tu, wenye kuisikiliza ni Mahakama Kuu.

"Akiri yaishe, hakimu atamhurumia."

Kama kuna ushauri mmoja ningeufuta mitaani, ni huu. Mashtaka husomwa na kuelezwa, na tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama kisheria. Mshtakiwa akisema "ni kweli", mwendesha mashtaka husoma maelezo ya kosa, kisha mshtakiwa huulizwa kama anayakubali. Akiyakubali, anatiwa hatiani papo hapo na adhabu inaweza kufuata siku ileile. Hiyo ndiyo hali pekee ambayo siku ya kwanza hugeuka ya mwisho. Aliyefungwa hivyo kwa kawaida anaruhusiwa kulalamikia ukubwa au uhalali wa adhabu tu, si kutiwa hatiani kwenyewe, labda aonyeshe kwamba kukiri kwake kulikuwa na utata au mashtaka hayakuonyesha kosa.

Watu wengi hawakiri wala hawakani, wanaeleza. "Ni kweli nilimpiga, lakini yeye ndiye aliyeanza na panga." Jibu kama hilo lina utetezi ndani yake, na hakimu anapaswa kuandika kwamba amekana. Maneno ya mshtakiwa yaandikwe jinsi alivyoyatamka; asikubali kufupishiwa. Anayetaka kweli kukiri kwa mapatano ana njia tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2019: majadiliano ya kukiri kosa kati yake na waendesha mashtaka, yanayosajiliwa mahakamani.

"Kila tarehe ni siku ya kesi."

Tarehe nyingi za mwanzo ni za kutajwa. Mwendesha mashtaka anasimama, anasema upelelezi haujakamilika, tarehe nyingine inapangwa, imekwisha. Shahidi hahitajiki siku hiyo. Mshtakiwa aliye nje kwa dhamana anahitajika, na asipofika hati ya kumkamata hutolewa. Aliye mahabusu haahirishiwi kwa zaidi ya siku 15 kwa mkupuo, ndiyo maana kwenye habari husikika siku 14 kila mara. Mwaka 2022 sheria ilirekebishwa ili kesi zisifunguliwe kabla ya upelelezi kukamilika, lakini makosa makubwa yaliachwa nje, na huko ndiko kwenye kusubiri kwingi.

"Mlalamikaji akisamehe, kesi imekufa."

Kesi ya jinai ni ya Jamhuri, mlalamikaji ni shahidi wake. Kwa makosa madogo ya mtu na mtu, kama shambulio la kawaida, mahakama inaweza kuhimiza suluhu. Kwa ubakaji au unyang'anyi wa kutumia silaha, kikao cha ukoo hakiiondoi.

"Ameachiwa, ameshinda."

Inategemea ameachiwaje. Mkurugenzi wa Mashtaka akisema hana nia ya kuendelea, mtu hutoka, lakini anaweza kushtakiwa tena kwa jambo lilelile. Wako waliokamatwa upya kabla hawajatoka kwenye viwanja vya mahakama. Kuachiwa kwa kuonekana huna hatia, au huna kesi ya kujibu, ni kitu kingine. Na aliyekutwa na kesi ya kujibu, yaani ushahidi wa mashtaka umeonekana unastahili kujibiwa, hajatiwa hatiani, amefikia zamu yake ya kujitetea.

"Kukata rufaa kuna muda mrefu."

Kutoka mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi kwenda Mahakama Kuu, notisi ya kusudio hutolewa ndani ya siku 10 na rufaa yenyewe ndani ya siku 45, bila kuhesabu siku za kusubiri nakala ya hukumu. Aliye gerezani anaweza kuipitisha kwa mkuu wa gereza.