Je, wajua kwa nini macho ya mwenye selimundu huwa ya manjano?

Msogeze mtoto mwenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa seli nyekundu za damu, dirishani asubuhi, umwambie atazame juu. Weupe wa jicho lake mara nyingi una umanjano hafifu, kama embe linaloanza kuiva. Mtaani watasema ini limeharibika, na wapo wanaomnywesha mizizi ya "kusafisha ini". Inaniuma kila nikisikia hivyo, maana mara nyingi ini hilo ni zima. Limezidiwa kazi tu.

Seli nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi. Ya mwenye selimundu huishi siku 10 hadi 20. Himoglobini yake, protini inayobeba oksijeni, ina kasoro ndogo mno: mahali pa asidi amino iitwayo glutamiki imekaa valini. Ikishaachia oksijeni, himoglobini hiyo hunatana na kujipanga nyuzi nyuzi, seli ikapinda kama mundu. Ikifika kwenye mapafu hunyooka, ikitoka hupinda tena. Waya ukiukunja na kuukunjua hivyo utakatika; seli nayo hupasuka.

Himoglobini ikivunjwavunjwa hutoa bilirubini, rangi ya manjano ambayo ini huiondoa kwenye damu na kuimwaga kwenye nyongo. Seli zikipasuka kwa wingi, ini halifui dafu; rangi hubaki kwenye damu na kutua machoni. Nyingine huganda kuwa mawe kwenye kifuko cha nyongo, hata kwa watoto. LDH, kimeng'enya kinachokaa ndani ya seli, nacho hupanda kwenye damu. Haptoglobini, protini inayookota himoglobini iliyomwagika, hushuka, pengine hadi isipimike, kwa kuwa yote imeshatumika.

LDH ina mtego wake. Damu ikivutwa kwa nguvu kwa sindano nyembamba, au chupa ikitikiswa ovyo, seli hupasukia humo humo na kipimo kikapanda bure. Mtaalamu wa maabara akishazungusha chupa kwenye mashine na kuona maji ya juu yamekuwa mekundu, atashuku. Akiomba damu nyingine, mzazi asimnunie.

Himoglobini iliyomwagika haitulii. Humeza naitriki oksaidi, gesi inayoilegeza mishipa, na mishipa ikabana. Ubanaji huo unahusishwa na presha ya mishipa ya mapafu na vidonda sugu karibu na vifundo vya miguu. Kisha kuna chuma chake. Chuma kikiwa huru huchochea kemikali kali za oksijeni, ndugu wa zile zinazoleta kutu, na hizo huunguza mafuta ya ngozi ya seli. Watafiti huusoma uharibifu huu kwa vipimo viwili ambavyo si vya kila siku hospitalini: malondialdehidi, masalia ya mafuta yaliyoungua, hupanda, glutathioni, mlinzi wa seli, hupungua. Seli iliyopoteza mlinzi hupasuka upesi zaidi, ikamwaga chuma kingine.

Dawa ya haidroksiyurea huongeza himoglobini ya kichanga, ile ambayo mtoto huwa nayo tumboni mwa mama, ambayo haishiriki kwenye zile nyuzi. Mgonjwa akiitikia dawa, seli hudumu zaidi, bilirubini na LDH hushuka, na macho yanaweza kung'aa.

Namba inayohitaji jicho la karibu zaidi ni ya retikulosaiti, yaani seli changa. Kwa mtu mzima mwenye afya ni kama 1 au 2 katika kila seli nyekundu 100; kwa mwenye selimundu zinaweza kufika 10 na zaidi, kwa kuwa uboho wa mifupa, kiwanda cha seli za damu, unakimbizana na hasara. Zikishuka huku kiwango cha damu kikipanda, ni nafuu. Zikiporomoka na damu nayo ikiporomoka, uboho umesimama, mara nyingi kwa sababu ya kirusi kiitwacho parvo B19. Hapo mtoto hupauka ndani ya siku chache, na anahitaji kuongezewa damu hospitalini bila kuchelewa.