Rampjaar: 1672, Mwaka wa Maafa wa Uholanzi

Waholanzi wakitaja Rampjaar, yaani Mwaka wa Maafa, wanakusudia mwaka mmoja tu: 1672. Wana msemo kuhusu mwaka huo kwamba wananchi walipotewa na akili, serikali ikakosa la kufanya, na nchi ikawa haiokoleki.

Uholanzi wakati huo ilikuwa jamhuri ya majimbo saba, ndogo kwa eneo lakini tajiri mno kwa biashara ya baharini. Utajiri ulileta husuda, na visasi navyo vilikuwepo. Mwaka 1667 manowari zake ziliingia mto Medway, zikachoma meli za mfalme Charles II wa Uingereza na kuondoka na ile aliyoionea fahari kuliko zote, Royal Charles. Mwaka uliofuata jamhuri iliungana na Uingereza na Uswidi kumzuia Louis XIV wa Ufaransa asizidi kuteka maeneo ya Wahispania jirani yake, na Louis hakulisahau hilo. Mwaka 1670 wafalme hao wawili wakapatana kwa siri kule Dover. Aprili 1672 walitangaza vita, wakiungwa mkono na maaskofu watawala wa Münster na Cologne.

Kiongozi wa siasa za jamhuri tangu 1653 alikuwa Johan de Witt. Jeshi la majini alilitunza vizuri, na ndiyo maana tarehe 7 Juni jemadari Michiel de Ruyter aliweza kuzishambulia meli za Waingereza na Wafaransa huko Solebay na kuvuruga mipango yao. Jeshi la nchi kavu lilikuwa limeachwa lidhoofike, kwa kuwa wakubwa wa jimbo la Holland walihofia lingeirudisha madarakani familia ya Orange. Ngome zikaanguka moja baada ya nyingine. Juni 12 Wafaransa walivuka mto Rhine, na kabla mwezi haujaisha walikuwa wameshaingia Utrecht.

Jimbo la Holland liliokolewa na maji. Milango ya maji ilifunguliwa na matuta yakatobolewa, mashamba yakafurika kuanzia Muiden hadi Gorinchem. Kina kilikuwa cha magotini hivi, kirefu kwa askari anayekokota mzinga na kifupi kwa mashua yenye mzigo. Mitaro ilifichika chini, hata mtu asijue hatua inayofuata itatua wapi. Wakulima walioona malisho na mazao yao yakizama walipinga, wengine kwa nguvu.

Bado linanisumbua lile lililofuata. Umma uliokuwa na hofu ulimtafuta wa kumlaumu. Julai, kijana wa Orange, Willem III, alipewa utawala. Cornelis de Witt, kaka yake Johan, alishtakiwa kwamba alipanga kumuua Willem. Aliteswa gerezani The Hague lakini hakukiri, hatimaye akahukumiwa kufukuzwa nchini. Tarehe 20 Agosti Johan alikwenda kumchukua. Kundi la watu, wakiwemo walinzi wa mji wenyewe, liliwatoa nje ndugu hao na kuwaua, likaining'iniza miili yao kichwa chini na kuikatakata, vipande vikauzwa. Ulimi na kidole vinavyosemekana ni vyao vimehifadhiwa hadi leo katika jumba la makumbusho la mji huo. Hakuna aliyeadhibiwa. Mtu aliyemsingizia Cornelis alilipwa pensheni. Hilo Wafaransa hawakulifanya, walilifanya Waholanzi wenyewe.

Siku nane baadaye mji wa Groningen ulijinasua katika mazingiwa ya askofu wa Münster, na mpaka sasa wakazi wake husherehekea kila Agosti 28. Desemba maji yaliganda, Wafaransa wakajaribu kupita juu ya barafu kuelekea The Hague. Barafu ikaanza kuyeyuka. Waliporudi nyuma waliteketeza Bodegraven na Zwammerdam na kuua raia wengi.

Uingereza ilijitoa vitani 1674. Ufaransa iliendelea kupigana hadi mkataba wa Nijmegen, 1678.